Mtoto wa watu angali kwetu

Mahali fulani katika udongo wa Lubumbashi, ao pembeni yake, analala kijana wa miaka 18, na hakuna mtu mwenye anaweza kunyosha kidole na kusema: njo hapa. Jina lake ni Patrick Mullins. Alikuwa askari wa Irlandi, kile kisiwa kilicho pembeni ya Uingereza, na alikuja huku kwetu amevaa kofia ya buluu ya ONU. Alikufa mwezi wa tisa 1961, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Kule kwao wanamkumbuka kila mwaka. Huku kwetu, ukitaja jina lake ku Kenya ao ku Kampemba, watu watakuuliza kama anachezea Mazembe ao Lupopo.

Shiye tunaandika haya juu tunaamini mji wetu una deni kwake. Na tunaamini tena kwamba siku tutaanza kulipa deni hilo, tutalazimika kuangalia na lingine, kubwa zaidi: deni la vijana wetu wenyewe, wenye wanaondoka hapa na sare ya FARDC na wenye hawarudi hata ndani ya sanduku.

Wazee wanakumbuka siku zile. Tarehe 13 mwezi wa tisa 1961, mapema asubuhi, ONU ilianza shambulio lenye ilikuwa imelipa jina la Morthor, ili kumaliza kujitenga kwa Katanga na kuwatoa mamluki katika jeshi la Tshombe. Risasi zililia ku Poste, zikalia ku redio. Siku zile zile kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, Wairlandi zaidi kidogo ya 150 chini ya Commandant Pat Quinlan walizungukwa siku tano, kisha wakakamatwa, lakini kwa upande wao hakufa hata mtu mmoja. Habari ya Likasi vijana wetu wanaijua, juu ya ile filamu ya 2016 yenye ilichukuliwa Afrika ya Kusini na inazunguka ku simu. Habari ya Lubumbashi haina filamu. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15, Wairlandi walipita na gari zao za chuma upande wa Radio Collège, wakawekewa mtego. Gari moja ilipigwa kwa silaha ya kuvunja chuma. Ndani yake mulikuwa kaporali Michael Nolan na kijana Mullins. Mwili wa Nolan ulipatikana nyuma, ukarudishwa kwao. Wa Mullins haukuonekana tena.

Watu wawili, gari moja, usiku mmoja. Mmoja ana kaburi lenye familia inaweza kupeleka maua, mwengine ana jina tu.

Kati ya 1960 na 1964 Irlandi ilipoteza askari 26 mu Kongo. Wote walirudishwa isipokuwa huyu. Na kama tunahesabu askari wote wa nchi ile wenye walikufa chini ya bendera ya ONU popote duniani, wenye hawakurudishwa kwao ni wawili tu: Mullins hapa kwetu, na Kevin Joyce, mwenye alitekwa kule Liban mwaka 1981. Kijiji cha Mullins kinaitwa Kilbehenny, pale jimbo la Limerick linapakana na jimbo la Cork. Hakina ukubwa hata wa nusu ya komini yetu moja. Ila mwezi wa tisa ukifika, askari wa zamani wanakuja na bendera zao, wanasimama pamoja na watu wa kijiji, sala inasemwa, jina linasomwa. Wenye walisoma naye shule moja leo ni wazee wa fimbo. Wamemuaga mara nyingi sana, na kila mara hakuna sanduku mbele yao.

Kuelewa vile watu wale wanachukua kifo cha askari, lazima kurudi nyuma kidogo, mpaka Niemba, upande wa kaskazini, katika jimbo la Tanganyika la leo. Tarehe 8 mwezi wa 11 1960, kundi la Wairlandi 11, likiongozwa na Luteni Kevin Gleeson, lilishambuliwa pale ku daraja na wanaume Baluba wenye mishale. Tisa walikufa. Tuseme na upande wa pili: Baluba wa kaskazini walikuwa wameona vijiji vyao vikichomwa na wajandarme na mamluki wa Tshombe, na kwao kila mzungu mwenye bunduki alikuwa yule yule. Kofia ya buluu haikuwaeleza kitu. Basi maiti zilifikishwa Dublin, na tarehe 22 ya mwezi ule ule watu walijaa barabarani kwa malaki. Mji mkuu ulisimama. Vijana wale, wengi wao kutoka familia za kawaida, walisindikizwa mpaka makaburi ya Glasnevin sawa wafalme. Mmoja wao, Anthony Browne, hakuwa pale juu mwili wake haukuwa umepatikana. Hawakusema "basi, wanane wanatosha." Waliendelea kutafuta, wakampata miaka miwili nyuma, 1962, mu pori ile ile. (Irlandi jina "Baluba" liligeuka kuwa neno la kumwitia mtu mwenye fujo. Ndugu zetu Baluba wenye wako Lubumbashi wakisikia vile, sijui watacheka ao watakasirika. Pengine vyote viwili.)

Sasa turudi hapa kwetu. Kila Mulushois anajua namna kilio kinaendeshwa. Habari inafika, wamama wanatandika mikeka, vijana wanapanga viti mpaka barabarani, mtu mmoja mwenye maandishi mazuri anapewa daftari ya michango: jina, feza, jina, feza. Usiku watu wanalala nje. Kwaya ya parokia inaimba, wengine wanacheza karata pembeni ya moto, chai inazunguka, na mjomba fulani lazima atafute ugomvi juu ya nani alipaswa kuarifiwa wa kwanza. Kisha maiti inatoka ku morgue, inapita ku nyumba, inazungushwa kidogo mu quartier kama marehemu alikuwa kijana wa kupendwa, inapelekwa Sapin ao ku makaburi mengine. Hesabu yote ya kilio inazungukia maiti. Siku ya kuzika inatoka pale, siku ya kuondoa kilio inatoka pale. Maiti ikikosekana, hata mukubwa wa familia hajui aseme nini.

Familia za basoda wetu wanajua hii. Simu inalia, ni sauti ya mwenzake wa batayo, ao namba yenye haijulikane: "Mama, mutoto alianguka." Wapi? "Kule ku front." Na maiti? Mtandao unakatika. Toka pale nyumba inagawanyika. Nusu wanasema tuanze kilio, nusu wanakataa: pengine alikamatwa, pengine alivuka mpaka, pengine ni jina lenye walichanganya. Mama anaendelea kumuwekea sahani. Tumeona nyumba moja ya Katuba yenye picha ya kijana iliwekwa juu ya kiti, akiwa na sare na kucheka, na watu walipita mbele ya kile kiti wakainama sawa vile wangeinama mbele ya sanduku. Siku ya tatu walikunja mikeka. Hakuna mtu mwenye alisema kilio kimeisha, kila mmoja alichukua kiti chake tu, akaenda.

Na mke? Bila karatasi ya kifo, mbele ya Leta yeye si mjane. Sheria iko. Ni sheria nambari 13/005 ya tarehe 15 mwezi wa kwanza 2013, juu ya hali ya askari wa FARDC, na wajane na mayatima hawakusahauliwa ndani yake. Lakini ili ifunguke inaomba karatasi, na karatasi inaomba mtu mwenye cheo aandike kwamba fulani, wa batayo fulani, alikufa siku fulani, mahali fulani. Kama hakuna mwenye aliandika, mama yule atazunguka na watoto mgongoni kutoka ofisi moja mpaka nyingine, akiambiwa arudi kesho kutwa.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 Goma ilianguka. Umoja wa Mataifa ulisema watu karibu 3,000 walikufa katika siku zile. Afrika ya Kusini ilipoteza askari 14 katika vita vya siku zile, na katikati ya mwezi wa pili majeneza yao, yamefunikwa bendera, yalifika Pretoria, na rais Ramaphosa alikuwa pale pamoja na familia. Malawi na Tanzania nao walilia watu wao. Tuliangalia picha zile ku televisheni na tukajiuliza swali lenye linauma: vijana wa Kamalondo, wa Ruashi, wa Kasumbalesa, wa Kipushi wenye walikuwa kule kule, wao wako wapi? Tunajua vita ingali inaendelea na kwamba pale adui amekaa huwezi kwenda kuchimba. Lakini jina halihitaji ruhusa ya adui ili lisomwe. Shiye hatujasikia hata siku moja majina ya watoto wa mji huu wenye walianguka yakisomwa mbele ya Mairie.

Mtu atatuambia kwamba nchi yetu inajua kuaga. Kweli, inajua kwa wakubwa. Kanali Mamadou Ndala alipouawa karibu na Beni tarehe 2 mwezi wa kwanza 2014, nchi nzima ililia, na alizikwa Kinshasa kwa heshima za jeshi. Alistahili. Lakini na walinzi wake walikufa naye pale pale. Ni nani kati yetu anakumbuka majina yao? Shiye wenyewe tulikuwa tunaandika habari ile kila siku, na hatuna jibu.

Sasa tunajua wengine wanasema nini wakifika hapa kwa kusoma: "Kwa nini kutafuta Mzungu mmoja, wakati wetu elfu hawatafutwe? Tena wa ONU! ONU ilitupiga." Maneno hayo tunayaheshimu. Ni kweli, vita ya ONU haikuua basoda peke yao. Mwezi wa 12 1961 mizinga ilianguka mu mji, raia wakafa mu nyumba zao, na kuna familia hapa zenye zinamlilia hata leo babu mwenye alitoka kutafuta unga na hakurudi. Wajandarme wa Katanga nao walikuwa vijana, wengi wa umri wa Mullins, na wao pia hawana ukuta wenye majina. Tshombe ana sanamu yake karibu na Poste. Vijana wenye walimfia hawana hata kibao cha mbao.

Lakini tunaomba watu waangalie vile kazi yenyewe inafanyika. Ukianza kuuliza mu quartier, "Mzee, wakati ya vita ya ONU, maiti zilizikwa wapi?", mzee hatakujibu juu ya Mzungu mmoja. Atakuambia: pale nyuma ya ukuta tulizika jirani, kule ku mto walitupa watatu, ku barabara fulani kulikuwa gari ya chuma yenye iliungua na watoto tulipanda juu yake. Swali la mtu mmoja linafungua mdomo kwa wote. Na Mullins ana kitu kimoja chenye wengine hawana: kuna nchi yenye ingali inamtafuta, yenye ina daftari, tarehe, na jamaa wenye damu yao inaweza kupimwa na kulinganishwa na mfupa. Kama hatuwezi kumpata mwenye anatafutwa hivyo, tutampata nani?

Tena isisemwe kwamba haiwezekane. Katika vita ile ya mwezi wa 12 1961, Georges Olivet, mjumbe wa Msalaba Mwekundu kutoka Geneva, alitoweka hapa mu mji, yeye na wenzake wawili, wakiwa na ambulensi. Walitafutwa. Siku chache nyuma walipatikana mu kaburi la haraka, karibu na ambulensi yenyewe. Mtu alikuwa amewazika pale na kunyamaza. Mji wetu una makaburi ya namna hiyo, na sasa ardhi yote inajengwa. Kila wiki kuna mwenye ananunua kiwanja, anachimba fondasio. Mwashi akikuta mfupa, anauliza boss, boss anasema funika, juu hakuna mwenye anataka polisi ku shantie yake. Zege inamwagwa. Baada ya miaka kumi ya zege, hata daftari la Irlandi halitasaidia.

Kazi ya kukusanya kumbukumbu hapa kwetu haianzi leo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watu wake. Toka mwaka 2000 na kazi inayoitwa Mémoires de Lubumbashi, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki na wenzao walienda kukaa na wafanyakazi wa zamani wa Union Minière, wakawasikiliza, wakaandika. Walithamini hata mambo ya jikoni. Na mbele yao, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wetu, alichora historia yote ya nchi, na vita ya Katanga ndani yake, akiuza picha zake nyumba kwa nyumba. Naye tuseme ukweli: alipotea mwanzoni mwa miaka ya 80, na mpaka leo hakuna mwenye anaonyesha kaburi lake. Mji huu una tabia ya kupoteza watu.

Tunachoomba si kitu cha feza nyingi. Mairie na jimbo waongee na ubalozi wa Irlandi na na chuo kikuu, watume wanafunzi wa historia na daftari ku Kamalondo, ku Kenya, ku Bel-Air, kwenye wazee wangali wanaishi. Kama kuna mwashi amekuta mfupa, awe na mahali pa kuenda kusema bila kukamatwa. Na tarehe 17 mwezi wa tano, siku ya jeshi, mbele ya défilé na fanfare na hotuba za bakubwa, mtu mmoja asimame asome majina ya watoto wa Haut-Katanga wenye walianguka ndani ya mwaka. Jina, cheo, komini. Kama orodha ni ndefu, jua litatuchoma, tutavumilia. Yule mama wa Katuba, siku atasikia jina la mtoto wake likitoka ku mikro ya Leta, atakuwa na kitu mkononi cha kupeleka ku ofisi: mtaniambia namna gani hakufa, na muliita jina lake mbele ya watu wote?

Na Mullins asomwe pale pale kati yao. Askari wa cheo cha chini, miaka 18, Kilbehenny. Tunajua kuna mwenye atanung'unika. Anung'unike, lakini asimame wima kama wengine.

Mwenye alikuwa na miaka 10 wakati ya vita ya ONU sasa amepita 70. Tunaongea na wewe, baba, na wewe, mama, mwenye ulikuwa mtoto pembeni ya Radio Collège mwaka ule, mwenye ulikimbilia kuangalia gari yenye iliungua na wazazi wakakupiga juu ya hiyo. Kama uliona wanabeba mtu, kama ulisikia wakubwa wakisema walimuweka wapi, muite mjukuu wako akae na kalamu. Mwambie barabara gani, ukuta gani, muti gani kama ungaliko, nani alikuwa pale. Asikatae kuandika hata kama wewe mwenyewe unaona ni kidogo. Leo jioni, mbele umeme haijakatika.